Mume Wangu Hufundisha Udereva, Mimi Huenda Kazini kwa Baiskeli kwa Siri

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimejitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mkunga, nina miaka arobaini na saba, watoto wameshaanza kujitegemea, na mume wangu ni mwalimu wa udereva anayeheshimika, wanafunzi wake humwita Mwalimu Klachi, na nadhani nusu ya wanaopiga honi mji huu walishika usukani mara ya kwanza yeye akiwa kiti cha pembeni. Miaka miwili iliyopita alininunulia gari dogo jeupe, akanifundisha mwenyewe, akanikabidhi ufunguo mbele ya mama yake na dada yake, akasema mke wangu hatasukumana tena vituoni, nami nikalia kwa furaha, na wala sikuigiza.

Lakini mshauri, kutoka kwetu hadi hospitali ni kilomita saba tu, na hizo saba nilikuwa nazimaliza kwa saa moja na nusu, nimekaa, mguu kwenye breki, mgongo unauma, presha inapanda, nikifika wodini nimebeba hasira za watu nisiowajua, hadi siku moja nikamfokea mama aliye kwenye uchungu kwa sababu tu aliniomba maji, akanitazama, na yale macho yamekataa kunitoka. Pale hospitali kwetu kuna dada wa usafi anayekuja kwa baiskeli, anaishi mbali kuliko mimi, na kila siku namkuta ameshapiga deki na anaimba. Nikamwomba anitafutie baiskeli. Nilidhani nimeshasahau, kumbe miguu inakumbuka.

Sasa ndiyo dhambi yenyewe. Huu ni mwezi wa tano sasa, natoka nyumbani na gari, mume wangu ananipungia mkono, nakata kona mbili, naingia uani kwa wifi yangu ambaye ni fundi cherehani, naegesha, nabadili viatu, nachukua baiskeli, na baada ya dakika thelathini niko wodini nimechangamka. Jioni vivyo hivyo. Wifi yangu aliniambia tangu mwanzo, "Wifi, macho yangu mimi yako kwenye sindano, sijaona kitu. Ila kaka yangu akiniuliza, nitasema." Hajauliza. Badala yake analisifu gari. "Unaona linavyokunywa mafuta kwa adabu? Nilikwambia nimechagua." Na wanafunzi wake anawaambia wajifunze kukanyaga mafuta taratibu kama mke wake. Mimi nakula chakula nimeinama.

Wiki mbili zilizopita lori la vigae lilipinduka darajani alfajiri, barabara ikafungwa pande zote. Nilishuka, nikaisukuma baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, nikapanda tena ng'ambo. Wodini nikamkuta mkunga wa zamu ya usiku peke yake na akina mama watatu, wenzangu na daktari wote wamekwama upande wa pili wa daraja. Mama mmoja alikuwa na mapacha, wa kwanza akaja vizuri, wa pili akatanguliza makalio. Daktari alikuwa kwenye simu tuliyoiweka juu ya kabati, anasema na mimi, na mikono yangu ikafanya kazi iliyoifanya miaka ishirini na miwili. Mtoto alitoka kimya, tukampa pumzi, akalia. Mama akavuja damu, tukaizuia. Wote wako hai. Daktari alifika saa tatu kasoro kwa miguu, shati limelowa jasho, akamtazama yule mtoto kisha akakaa sakafuni.

Sasa mkurugenzi wa hospitali ameandaa hafla ya kutupongeza Jumamosi, wenzi wetu wamealikwa, na matroni anataka niingie ukumbini na baiskeli yangu. Mume wangu ameshapiga pasi suti. Amewaambia watu kwamba nilikwepa foleni kwa njia ya nyuma aliyonifundisha, akaniuliza, "Si ile ya kiwandani?" nami nikajibu ndiyo. Nijifanye mgonjwa? Nimsihi matroni aiache hiyo baiskeli? Sitaki kumwaibisha mume wangu, na baiskeli siwezi kuiacha.

Ni mimi,
Mkunga wa Magurudumu Mawili

*

Dada mkunga,

Barua yako imenifikia Jumatano, na gazeti hutoka Jumapili, ndiyo maana nimekupigia simu badala ya kungoja. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana najua hauko peke yako.

Kwanza pole, na hongera. Watu wawili wanapumua leo kwa sababu uliwahi kazini. Hilo halina mjadala.

Sasa tusemezane. Kuendesha baiskeli si kosa, umri wako si kizuizi na kazi yako haikukatazi. Kosa lako ni uongo, na umeufuga miezi mitano. Umemfanya wifi yako mlinzi wa jambo lisilomhusu. Umemwacha mwanamume mzima ajivunie mafuta ambayo hayakuchomwa, mbele ya wanafunzi wake. Unasema hutaki kumwaibisha. Dada, umekuwa ukimwaibisha kila asubuhi anapokupungia mkono, ila yeye hajui.

Usijifanye mgonjwa. Wewe ni mkunga, ugonjwa wa uongo huwa unaujua ukiuona, na mumeo amekaa nawe miaka mingi, naye ataujua.

Mwambie kesho, mchana kweupe, akiwa ametoka kazini na ameshakunywa maji. Usimwambie garini akiwa ameshika usukani. Usianze na lori wala mapacha, maana hapo utakuwa unajificha nyuma ya watoto wachanga. Anza na kona mbili na ua wa wifi. Mwambie ile ya kiwandani haikuwa kweli. Kisha mwambie kuhusu yule mama aliyekuomba maji, kwa sababu hiyo ndiyo sababu yako na hajawahi kuisikia. Akikasirika, mwache akasirike; ana haki ya jioni moja. Gari libaki, lina kazi yake siku ya mvua kubwa na siku ya kumpeleka mama mkwe kliniki. Na ununue kofia ngumu na taa ya nyuma kabla hujapanda tena.

*

Alhamisi alimwambia mumewe. Jumatatu akaniandikia tena, nami namwachia nafasi iliyobaki:

"Mshauri, nilisema yote bila kupumzika. Alitoka nje akaliosha gari, ingawa lilikuwa safi tayari. Aliporudi mikono imelowa, akaniuliza, 'Breki za hiyo baiskeli zikoje?' Nikasema ya nyuma inalegea. Akasema, 'Miezi mitano unapita kwenye malori na breki inalegea,' na hapo ndipo sauti yake ilipopanda, si kwa ajili ya gari. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa. Ijumaa alikwenda kwa dada yake na spana, akaikaza.

"Jumamosi niliingia ukumbini nikiisukuma. Mama wa mapacha alikuwa mstari wa mbele, amempakata mmoja, mumewe amempakata mwingine. Mume wangu akaomba kusema. Akasema, 'Mimi ni mwalimu wa udereva. Nimefundisha watu kuegesha, kukata kona, kurudi nyuma. Sijawahi kumfundisha hata mmoja namna ya kumpita mtu aliye kwenye baiskeli. Nilisema mke wangu alipita njia ya kiwandani. Hakupita. Alipita darajani, kwa miguu yake.' Ukumbi mzima ukasimama, na yule dada wa usafi akapiga vigelegele mpaka matroni akavua miwani afute macho.

"Leo asubuhi nimetoka nyumbani kwa baiskeli, mlangoni kwangu, si kwa wifi. Karibu na daraja nikasikia gari nyuma yangu limepunguza mwendo. Halikupiga honi. Likangoja, likahamia upande wa pili kabisa, likanipita polepole kwa nafasi ya kutosha. Lilikuwa la mafunzo. Kijana wa watu ameng'ang'ania usukani, jasho linamtoka, na kiti cha pembeni, dirisha likiwa wazi, mume wangu anaangalia mbele kama hanijui, anamwambia, 'Vizuri. Sasa rudi upande wako.'"

Dada, sina la kuongeza kwako. Ila wewe unayesoma gazeti hili ukiwa umekwama kwenye foleni: likunje, shika usukani, na mama mwenye baiskeli akija pembeni yako, mpishe. Ana zamu.