Mgonjwa Hajambo

Jumatatu, 4 Machi

Wamekuja! Watu wa kiwanda. Afisa wa wafanyakazi mwenyewe pamoja na dereva, kuja kumtazama mwanangu. Gari mpaka mlangoni — jirani akajifanya anafagia mahali alipokwisha fagia asubuhi.

Nilikuwa tayari. Kifunguamimba wangu nimemvalisha shati la mikono mirefu, nimemkalisha kwenye kiti cha marehemu baba yake, mkono wa kulia chini ya mto. Vidole vitatu mashine ya kukatia mabati imevichukua, lakini uso ni ule ule. Uso wa watu wa kwetu. Hata akiumwa anapendeza.

Afisa akauliza, mama, mgonjwa anaendeleaje? Nikamwambia mgonjwa yuko wapi humu? Huyu? Huyu buheri wa afya! Kesho mkimtaka anarudi, mimi sikuzaa watu wa kulala. Akacheka, akaandika kidogo. Mstaarabu sana. Walipotoka jirani akaniuliza wale nani, nikasema wakubwa zake, hawawezi kitu bila yeye.

Mwanangu hakufungua mdomo. Haya yake tu.

Alhamisi, 7 Machi

Simu kutoka kiwandani. Arudi kwenye mashine ile ile, maana mama yake amethibitisha kwamba amepona! Asiporudi, ameacha kazi kwa hiari yake, na fidia asahau.

Mimi! Nimethibitisha mimi!

Sasa mtu akiulizwa habari za mgonjwa anasema nini? Si anasema hajambo? Marehemu mume wangu alikuwa anakata roho na bado tukisema hajambo, anaendelea vizuri. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikamwambia mwanangu tutakwenda kwa daktari aseme ukweli. Akanijibu, mama, daktari wa zahanati ni wa kiwanda. Kaandika kidonda cha kawaida. Akageukia ukutani.

Wifi yangu alikuwepo, na kama kawaida yake hakukosa la kusema. Eti, wifi, si ulituambia yuko likizo? Likizo gani hiyo ya mkono mfukoni? Mficha uchi hazai! Nikamwambia mimi nimezaa, tena vizuri, mwenye macho aone. Akaaga. Lakini chai yangu nikaimwaga uani.

Ijumaa, 8 Machi

Kutafuta wakili. Nimevaa gauni la harusi ya mdogo wangu wanijue mimi ni mtu wa watu.

Wa kwanza yuko karibu na benki. Zulia mpaka kwenye ngazi, nikaona aibu kwa viatu vyangu. Alinisikiliza vizuri, anatikisa kichwa, pole mama, pole sana. Nilipotaja kiwanda akafunika kalamu yake. Wale ni wateja wangu, mama. Pole ikaishia hapo.

Wa pili ana ndevu na sauti nzito, nikasema huyu ndiye. Kumbe anataka niape kwamba niliiona mashine haina kinga. Mimi ndani ya kiwanda sijaingia hata siku moja. Nikamwambia baba, mimi hodari wa kusifu, kuapa uongo siwezi.

(Ile niliyowaambia wazazi wa mchumba wa mwanangu, kwamba kapelekwa kozi, si uongo. Ni sitara. Posa imeshapokewa, nani atampa binti yake mtu asiyeshika nyundo?)

Jumanne, 12 Machi

Nimempata! Wakili wa kike, yuko ghorofani juu ya duka la viatu. Kwanza nilidhani ni karani, nikamwambia, binti, niitie mkubwa wako. Akasema mkubwa ni mimi, shikamoo. Mdogo hivi! Mimi nilitaka mwenye kitambi. Lakini kiwanda hakimwogopeshi, amesema hivyo huku anakula karanga.

Nikaanza kumweleza mwanangu alivyo: darasani wa kwanza, kazini wa kwanza, hata kuogelea... Akainua mkono. Mama, hivyo ndivyo ulivyowaambia wao?

Nikaanza kuhesabu karanga zake.

Akasema kesi ipo. Wao shahidi wao ni mimi. Kwa hiyo na sisi shahidi wetu ni mimi. Nisimame mbele ya afisa wa kazi wa serikali niseme mwanangu hawezi nini. Kufunga vifungo. Kukata chakula chake. Kushika kalamu. Moja moja, bila kupamba, na yeye mwenyewe awe amekaa pale.

Nikamwuliza hakuna njia nyingine? Akasema ipo. Arudi kwenye mashine.

Jumatano, 13 Machi

Nimejaribu mbele ya kioo. "Mwanangu hawezi..." Nikapika.

Alhamisi, 21 Machi

Ndiyo leo. Ofisi ya kazi, benchi la ukutani, feni inalia kama mlango mbovu. Tumefika mapema, wakili wangu kaingia ndani kwanza. Yule afisa wa kiwanda yuko mwisho wa benchi hili hili. Kaniamkia kwa heshima, mshenzi.

Nilikuwa nimejipa moyo. Nikasema humu hatujulikani, nitayasema, yatabaki ndani ya kuta hizi, tutarudi nyumbani na sitara yetu.

Mara naona mlangoni — mchumba wake! Na baba yake nyuma, kofia mkononi! Nikamgeukia mwanangu. Akasema polepole, nimewaita mimi, mama. Nimechoka kuwa kozini.

Nimechoka kuwa kozini! Mtoto niliyemzaa mimi!

Binti kaniamkia, kaenda kukaa upande wake wa kulia. Mkono wa mwanangu bado uko mfukoni.

Mzee wa watu amekuja kukaa kando yangu. Mtu wa adabu zake. Akasafisha koo, akauliza kwa upole, kama mtu yeyote anavyouliza: Mama, habari za siku nyingi. Kijana wetu anaendeleaje?

Na yule wa kiwanda ameacha kuchezea simu yake. Sikio lote huku.

Nikisema hajambo, wa kiwanda amesikia. Nikisema hawezi, mzee amesikia. Wakili yuko ndani, mlango umefungwa. Nikamwambia mzee, subiri kidogo baba, kuna jambo naliandika lisinipotee.

Nimeinama naandika. Naandika chochote. Feni. Benchi. Ukuta wa kijani.

Bado anasubiri. Mwanangu naye ananitazama. Nafunga daftari.