Koko Mwajuma bado hajazaliwa

Muji wa Baraka, siku ya tatu, Februari 2000

Hii kompyuta ya biro, hapa ofisini, siku moja nitaitupa ziwani. Leo tuliandika bazee benye balikimbia vita, bapate mablanketi. Mi, kwa uvivu wangu wa zamani, ninaandikaka namba mbili tu za mwisho wa mwaka wa kuzaliwa. Bale ba 30 na kuendelea, kompyuta ilibaacha karne ya zamani. Bale ba 29 kurudi nyuma, ilibapeleka karne mpya!

Basi koko Mwajuma, bibi muzee wa kijiji cha Swima, aliyezaliwa 28, akatolewa kwa listi: eti atazaliwa 2028.

Nilipomwelezea, alicheka mpaka akashika mbavu. "Acha vile, mutoto wangu. Kama sijazaliwa, hii vita sijaiona."

Nikaandika 1928 yote, apate blanketi. Na vita nikamurudishia.