Mawe ya Kopo la Kakao

Hospitali ya Misheni,
Karibu na Homa Bay.
15 Machi 1966.

Mpendwa kaka Bichage,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe, shemeji Bosibori na watoto. Je, yule mdogo amepona surua? Mimi ni mzima, na huku mvua imeanza vizuri. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Mdogo wetu Japheth yuko ndani, anapasuliwa tumbo. Nimeona nikwambie, ingawa najua hupendi kusumbuliwa.

Unakumbuka yale maumivu yaliyokuwa yakimkunja kila akimaliza kula. Mwezi wa Januari nilimleta hapa, akapigwa picha ya eksirei. Daktari aliiweka mbele ya taa akanionyesha mahali pa kongosho, nyuma ya tumbo kuelekea kushoto, na ndani yake mawe kumi na moja, meupe kabisa. Alisema yameziba mfereji, na kwamba picha imemwonyesha pa kupasua. Angeufungua mfereji, ayatoe, kisha auunganishe na utumbo. Nilielewa yote, mimi fundi cherehani wa Oyugis tu.

Sasa sikia ujinga wangu. Baba Mdogo Ondieki alikuwa akitangaza kwamba Japheth amelogwa. Nikaiazima picha kwa siku mbili, nikaipeleka nyumbani ili nimnyamazishe. Akaiinua juani, akatazama, kisha akapaza sauti, "Si nilisema? Hata mashini ya mzungu imeona hiyo mawe! Sasa nani aliweka?" Na ukoo mzima ukatikisa vichwa kana kwamba umesikia hekima.

Jumapili akaleta mganga wa pembe kutoka njia ya Sindo, mmoja wa wale wanaonyonya uchawi matumboni mwa watu. Yeye Baba Mdogo, mzee wa kanisa la Sabato, Bichage! Mtu asiyegusa hata chai kwa kuogopa dhambi! Mganga akailaza picha juu ya tumbo la Japheth, vile ninavyolaza karatasi ya kukatia shati juu ya kitambaa. Ila aliilaza kinyume, na cha kushoto kikawa kulia. Nikamwambia imegeuka. Akanijibu, "Wewe shona nguo. Tumbo wachia mimi."

Akamchanja kwa wembe upande wa kulia, akaweka pembe, akanyonya, akatema mawe matano. Zilikuwa changarawe za mtoni, moja bado ina mchanga. Baba Mdogo akazitia katika kopo la kakao, na tangu siku hiyo hakuna mgeni anayeondoka kwake kabla hajaonyeshwa. Mbuzi alichinjwa, wakala, wakashukuru. Japheth hakula. Alikuwa nyuma ya nyumba, anatapika.

Kwa wiki sita amekonda mpaka suruali niliyomshonea Krismasi anaifunga kwa kamba. Nikamrudisha hapa, akapigwa picha ya pili. Mawe ni kumi na moja yaleyale, hakuna hata moja lililosogea. Nilimpelekea Baba Mdogo picha zote mbili, nikamwomba ahesabu mwenyewe. Alisema ya kwanza yalitoka, haya ni mengine. Namdharau mzee yule, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Jana hospitali ilitaka chupa mbili za damu. Wale waliomla mbuzi walikuwa wamejaa hapa uani, watu tisa, wanasali kwa sauti. Walipoiona sindano, kila mmoja akakumbuka shughuli zake. Baba Mdogo alisema Sabato imekaribia. Ilikuwa Jumatatu. Chupa moja nilitoa mimi. Ya pili alitoa Farah, yule Msomali anayeniuzia vitambaa, ambaye alikuja tu kumletea Japheth maziwa.

Sasa nakugeukia wewe. Januari nilikuandikia kurasa tatu, ukanijibu mstari mmoja: "Wafuateni wazee, wao wanajua." Karani mzima, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni! Nilizionea aibu kalamu zako.

Taabu ni kwamba Japheth anakuheshimu. Leo asubuhi machela ililetwa, akakataa kuipanda. Alisema baba hayupo, hawezi kufunguliwa mwili bila neno la kaka mkubwa. Nilimbembeleza, mkewe Mokeira akalia, daktari akatazama saa yake. Basi nikatoa karatasi mfukoni, orodha yangu ya vifungo na nyuzi, nikamsomea kana kwamba ni barua yako: "Mdogo wangu Japheth, nimekubali. Nenda bila hofu, ninakuombea. Ni mimi kaka yako, Bichage."

Aliniomba nisome tena. Nikasoma tena, na safari hii nusura nishindwe. Akapanda machela mwenyewe, anatabasamu, akasema alijua utaandika.

Saa tatu zimepita na mlango haujafunguliwa. Mokeira ameketi hapa kando yangu, anakusalimu. Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike wote huko mliko.

Akiamka, barua ile uliiandika wewe, na usiikane maisha yako yote. Asipoamka, niliiandika mimi.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,
Kerosi.