Siku Niliyoukanyaga Mkia wa Wimbo wa Bibi

Shamba la Kergoz,
Lannvihan, Bretagne.
Jumatatu, 15 Julai.

Mpendwa Shangazi Maivon,

Tumeshinda! Mimi na Bibi, juu ya jukwaa, mbele ya Lannvihan nzima! Haya, ngoja nirudi nyuma nikusalimu kwanza, maana ungekuwa hapa ungeshanivuta sikio. Hujambo, Shangazi? Hiyo Kanada yako inakutendeaje? Lile goti limepona? Sisi huku wazima, ng'ombe wazima, na Bibi ni mzima kupita kiasi, tangu jana hashikiki.

Mwandiko utanisamehe. Si unajua mimi na kalamu.

Sasa sikia. Mzee Fanch, mwenzake Bibi wa kuimba tangu wewe hujazaliwa, Alhamisi alipanda ngazi kuchuma cheri akaanguka. Mbavu zimevunjika. Hata kucheka hawezi, sembuse kuimba. Na tamasha Jumapili! Na wimbo wa gavoti, ngoma yetu ya kushikana mnyororo, hauimbwi na mtu mmoja, unajua mwenyewe: mmoja anautupa mstari, mwenzake anaupokea, ndiyo wachezaji wanapata pa kuweka miguu.

Bibi akaendelea na kazi zake tu. Mimi namwangalia. Jumamosi tunakamua, nikamsikia anamwambia ng'ombe, "Kesho nisipopanda jukwaani, sipandi tena. Ile nguo nampelekea Maivon." Ile nyeusi ya mahameri anayoimbia, Shangazi, yenye kola ya lesi. Nikajua hapa mambo yameharibika.

Basi jana uwanja wa kanisa ulijaa pomoni. Zumari zinalia, chapati za ngano nyeusi zinanukia siagi mpaka unasikia njaa umeshiba. Wale ndugu wawili wa Kerzu, mabingwa wa mwaka jana, wakaimba, wakashuka wamevimba vifua. Bibi akaitwa. Akapanda peke yake.

Tangi mchinjaji akapaza sauti kutoka kwenye soseji zake: "Mama Soazig, leo unaimba na nani? Na mwavuli?"

Watu wakacheka. Bibi akamjibu palepale, "Afadhali mwavuli, wenyewe hufungika! Wewe huo mdomo umekushinda."

Wakacheka zaidi. Lakini mimi niliiona mikono yake. Ilikuwa inaifuta ile nguo, inashuka, inapanda. Mikono ya Bibi sijawahi kuiona ikikosa pa kukaa, hata ng'ombe anapozaa vibaya.

Miguu yangu ikaondoka yenyewe. Mimi huyu, Shangazi, ninayejificha stoo padri akija! Nikajikuta juu. Bibi akanitazama.

"Unaujua?"

"Naujua."

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Maana miaka yote nampokea zizini, mimi upande wa pili wa ng'ombe, kwa sauti ya chini, nikidhani hasikii. Kumbe!

Akautupa mstari. Mimi nikangoja amalize, adabu ya mtu na bibi yake. Shangazi, nikaharibu! Likatokea shimo. Si unajua mpokezi anaingia kwenye maneno ya mwisho, sauti mbili pamoja, yule hajatua huyu kashapaa. Mimi nikangoja. Wachezaji wote mguu mmoja juu, kama kuku wa mvua.

"Mwavuli umekwama!" Tangi huyo.

Bibi akanipiga kiwiko cha ubavu, mpaka leo panauma. "Usiningoje kama basi! Nikanyage mkia!"

Akautupa tena. Nikamkanyaga. Hajafika mwisho, mimi nipo. Nikaubeba, sijafika mwisho, yeye yupo. Watu sikuwatazama, nikatazama miguu tu, maana miguu haina macho. Na ile miguu ikashika, Shangazi! Wameshikana vidole vya mwisho, mnyororo ukaanza kujivuta, ukazidi kurefuka. Wapiga zumari wakaweka zumari chini wakaingia. Ndugu wa Kerzu nao wakaingia. Mnyororo ukapita kona ya kanisa, kichwa chake kikatokea upande wa pili. Wa mwisho kuingia nani? Tangi, na aproni yake ya damu! Bibi alipomwona akaongeza kasi makusudi. Wamechoka wao, sisi hatujachoka.

Waamuzi hata hawakunong'onezana. Mikono yetu ikanyanyuliwa juu, na kelele zile nadhani mlizisikia huko. Bibi alikuwa analia na kucheka pamoja, kofia yake ya lesi imekaa upande.

Tangi akaniletea pombe ya tufaha. "Kunywa, Mwavuli, umeniua mapaja." Sasa mji mzima wananiita Mwavuli. Naitika.

Ile nguo ya mahameri, Shangazi, usiingoje. Bibi anasema bado ana kazi nayo.

Nisalimie mumeo Bwana Edern, na watoto, Klervi na yule mdogo ambaye sijamwona. Mwambie ana kaka muimbaji. Mungu awakinge na baridi ya huko, na mwakani awalete wote mshike vidole na sisi.

Lazima niondoke sasa. Mzee Fanch amekatazwa kutoka kitandani, kwa hiyo Bibi kaamua tukamwimbie dirishani kwake, wimbo uleule wa jana, asikie kwamba haukuanguka naye. Ameshatoka uani, na badala ya kuniita ameanza mstari wa kwanza, kwa sauti ile yake. Namsikia anakaribia mwisho. Nikikawia hapa, litatokea shimo.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Goulven