Chanzo Namba Saba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi. Mikono yako inaendeleaje? Mjomba aliniambia siku hizi hata kukamua limau huwezi. Mimi mwilini sijambo, ila moyoni nimefura, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni hasira.

Unajua nipo mwaka wa mwisho, na kabla ya kufanya utafiti lazima nipeleke pendekezo: nataka kuchunguza nini, kwa sababu gani, nitamuuliza nani. Pamoja nalo huenda orodha ya vyanzo kumi na viwili, na chini ya kila kimoja unaeleza kwa ufupi kinasema nini na kama kinaaminika. Nilichagua mikono ya madobi wa hospitali. Sikuwaza mara mbili. Yako nimeiona ikichanika tangu niko darasa la pili.

Mhadhiri akaniita ofisini. Alipokuona kwenye orodha, namba saba, dobi mwenye miaka ishirini na mitatu kazini, akacheka. Akasema mama wa mtu hawi chanzo, na kila mwanafunzi akimleta mama yake chuo kitageuka kikao cha ukoo. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba hiyo dawa ya kufulia unaijua kuliko profesa yeyote. Akajibu kuwa kujua ni kitu kimoja na kuandikwa ni kingine. Mtu hajawahi kufua hata leso yake, ndiye anayepanga nani anajua. Nikakufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuziba pengo lako, mtunza maktaba alinitolea kijitabu cha utafiti uliofanywa hospitalini kwenu hapo hapo, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mhadhiri akafurahi mno. Maelezo yangu ya kijitabu hicho akayasoma mbele ya darasa zima, akasema hivyo ndivyo kazi inavyoandikwa. Pendekezo likapitishwa.

Juzi nikakifungua nianze kazi. Ukurasa wa thelathini na nne yupo dobi asiye na jina, mama wa watoto wanne, mwenye kovu la pasi mkono wa kushoto. Amenukuliwa akisema glavu zinamsumbua. Basi. Mtafiti akahitimisha kwamba madobi wenyewe hawataki glavu, na hospitali haina haja ya kuzinunua. Mama, huyo ni wewe, na mimi nilikuwapo yule bwana mtafiti alipokuja nyumbani. Nilikuwa mezani nafanya hesabu zangu. Ulimwambia mnapewa glavu za wodini, nyembamba kama ganda la kitunguu, zinatoboka na dawa inabaki humo humo ikila ngozi. Ukaomba zile nzito za mpira. Ulisema mara mbili. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni ila haki yake mpeni. Huyu alinyonga akaondoka na haki pia. Mwaka uliofuata mkanyimwa hata zile nyembamba, nasi tukadhani ni ubahili tu.

Sasa nikuambie linaloniuma zaidi, na usinifichie hasira yako. Hapa chuoni tuna mtindo: kitabu husomi, unasoma muhtasari wa ukurasa wa kwanza, maelezo unayatunga kutokea hapo. Nami nilifanya hivyo hivyo. Chini ya namba saba niliandika kwamba ni utafiti makini, wa kuaminika, uliowapa madobi nafasi ya kusema wenyewe. Ndiyo maneno yaliyosomwa darasani, na nilikaa pale nikitabasamu. Mtafiti aliikata kauli yako, mimi nikamshuhudia kuwa mkweli. Nisamehe, Mama.

Jana nilikwenda kuomba kuyabadilisha. Mhadhiri akasema pendekezo lililopitishwa halifunguliwi. Nikiling'ang'ania nitaanza upya, na kuhitimu mwaka huu nisahau. Nimeanza upya. Najua majirani ulishawatangazia na kitambaa cha gauni umekwisha nunua. Kitunze.

Maelezo mapya ya kijitabu kile ni mafupi: mtafiti alichukua nusu ya kauli ya mhojiwa, mhojiwa yu hai na anaweza kuulizwa.

Wasalimie wadogo zangu wote, na Bibi umwambie namkumbuka. Niandikie yote uliyomwambia mtafiti, na kama kalamu inakuumiza, mdogo wangu akuandikie, lakini hakikisha hapunguzi neno.

Ni mimi mwanao unayemwita
Mdomo