Maziwa Hayaoshi Pafu

Shemeji Salim,

Nimekukosea. Uliniomba barakoa ya kuziba pua, nikakupa pakiti ya maziwa.

Wakumbuka pale yadi Shimanzi, wewe na bomba la hewa, wapuliza mchanga kung'oa kutu kwenye makontena, ukitoka huko kope na nyusi zote nyeupe. Mimi msimamizi wako, nimesimama na katoni ya maziwa. "Bwana msimamizi," ukanambia, "mimi mtu au ndama?" Watu wakacheka. Nikakujibu, "Kunywa, we, kifua kioshwe." Na barakoa zilikuwamo kabatini, Salim. Nilikuwa nazitoa siku ya ukaguzi, jioni nazikusanya zisichakae.

Maziwa niliyaamini, wallahi. Ndivyo tulivyoambiwa tangu tunaanza kazi.

Wiki iliyopita, miezi minne tangu tukuzike, nilikwenda kwa daktari wako. Dadako, mke wangu, hajui. Nikamuuliza, mbona maziwa hayakumsaidia? Akasema maziwa huenda tumboni, mchanga ulikwenda mapafuni. Huko mna seli za ulinzi, kazi yake kumeza uchafu. Zikameza chembe za mchanga, zikashindwa kuziyeyusha. Zikawa zamwaga zile kemikali kali za oksijeni za kuulia vijidudu, zikaunguza pafu lako mwenyewe. Seli ikipasuka, chembe yatoka nzima, yamezwa na nyingine, nazo zaita wenzao. Palipoungua mwili waziba kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka pafu likakakamaa.

Nikasema, lakini aliacha kazi mwaka mzima kabla hajafa.

"Yeye aliacha," akasema. "Mchanga haukuacha."

Basi ule mwaka uliokaa barazani Kibokoni, sisi twasema afadhali yuko mbali na vumbi, ndani mlikuwa mwaungua. Salamu huimalizi mpaka upumzike katikati. Nami kila Ijumaa nakuletea maziwa. Ukayanywa kwa adabu, wala hukunilaumu.

Sasa bomba lako analo Kombo. Juzi alikuwa apanda ngazi ya kontena, akasimama katikati, akajishika kifua, akacheka. "Uzee huu, bwana." Ana miaka thelathini na moja. Nilikuwa nishajua yote, Salim. Na bado nikampa pakiti yake.

Jana nilizigawa barakoa zote. Daktari asema hata hizo hazitoshi, mchanga wenyewe ndio uachwe. Nilipomwambia tajiri wetu, mwenye yadi, akanambia nikachunge watu wangu, niwaachie madaktari kazi yao. Na mimi kikohozi kikavu kimenianza. Sijapigwa picha ya kifua. Naogopa.

Naogopa pia kumkabili dadako. Lakini nikimaliza barua hii nitamwambia, kabla hajasikia kwa watu.

Mola akupanulie kaburi lako, shemeji, pawe na hewa. Sikuombi unisamehe. Jumapili nakwenda kwa Kombo, nimweleze mbele ya mkewe kile ambacho wewe hukuambiwa. Jumatatu asubuhi nampeleka akapigwe picha ya kifua, nami niko nyuma yake kwenye foleni. Tukitoka hapo, kabla ya adhuhuri, naingia ofisi ya serikali ya mambo ya kazi na kuandikisha kwa jina langu kwamba pale yadi watu wapulizishwa mchanga, na kwamba aliyewasimamia ni mimi.

Shemejio,
Rama