Kompyuta Inamkataa Nasifa

Busia, 6 Mei 2024

Dada, sasa Mjomba Hamuza anazunguka nyumba yote anasema unafukuzwa na kompyuta! Samahani, salamu kwanza. Uko mzima? Sisi wazima, mama tu na kifua.

Mjomba anasema alikuletea unga, akasimama nyuma yako, akaona kila ukiandika kompyuta inatoa maneno mekundu. Inakataa. Unaandika tena, inakataa. "Miezi yote hiyo anasomea kompyuta na mashine bado haimtaki! Arudi akae dukani." Ijumaa wazee wanakaa kuamua kama urudi. Mama anataka mimi nikutetee. Mimi! Mbele ya Mjomba hata chai naomba kwa macho.

Hiyo lugha unaandikia kompyuta, mbona haikupendi?

Kaka yako, Swabur

Tororo, 7 Mei

Kaka Swabur, mimi mzima, mpe mama pole.

Kaka, kukataa ndiyo kazi yake. Lugha yenyewe inaitwa Rust. Jamaa aliyeianzisha alikuwa anakaa ghorofa ya juu sana huko Kanada. Lifti, kile chumba kinachopandisha watu, ikaharibika kwa sababu ya programu, yale maagizo ya kompyuta yanayoiendesha. Akapanda ngazi, akawaza: kweli hata lifti inatushinda? Akaanza kutunga lugha inayokamata makosa mapema, kabla programu haijaanza kazi. Kuna lugha zinakubali tu, kosa linakuja kutokea watu wakiwa ndani.

Mwambie Mjomba hivyo. Nikitolewa sasa, mtihani wa mwezi ujao umenipita.

Dada yako, Nasifa

Busia, 11 Mei

Dada, umeamkaje? Jana walikaa. Nilisimama, nikasema "lifti". Mjomba akauliza, "Busia hii lifti iko wapi, we Swabur?" Watu wakacheka. Nikakaa, wakaamua urudi.

Na bado imenichanganya. Lifti ikiharibika si unaita fundi? Lugha ya nini? Halafu nikamfikiria Opio, dereva wetu. Nikifunga turubai vibaya, haondoshi lori, ananitukana hapo hapo. Kompyuta yako ni kama Opio? Lakini Opio hafundishi mtu, anatukana tu. Sijui.

Sasa Mjomba anawasha pikipiki, anakuja kukuchukua. Nimemwomba nije kubeba begi, amekubali. Nikikaa nyuma yake sitaona uso wake. Mpaka Tororo nitasema yote, hata nikikosea.

Usifunge begi bado. Anapiga honi, naituma hii kwa simu, nakwenda kabla hajapakia mtu mwingine nyuma.

Kaka yako, Swabur